Wadudu wa misitu ya kupandwa: kubadili mti hakujatuokoa

Kila mdudu au ugonjwa mpya unapoingia kwenye mashamba ya miti ya Afrika Mashariki, jibu letu limekuwa lilelile: tafuta mti mwingine. Saipresi ya makrokapa ilipoanza kukauka kwa ugonjwa wa vidonda vya gome nchini Kenya, wapanda misitu walihamia saipresi ya lusitanika. Msindano (paini) wa radiata ulipoanza kupukutisha sindano kwa ukungu wa Dothistroma, ulioonekana Tanganyika mwaka 1957 na kufika Kenya miaka michache baadaye, upandaji wake ulisimamishwa na msindano wa patula ukachukua nafasi. Kisha lusitanika ikavamiwa na vidukari mwishoni mwa miaka ya 1980. Patula ilikuwa imekwisha pata vidukari wake wa manyoya meupe tangu miaka ya 1960. Mkaratusi, ambao wakulima wengi waliukimbilia kwa sababu hukua haraka, ukapata nyigu wa vinundu mwaka 2002.

Mti umebadilishwa mara kadhaa, lakini namna ya kupanda haijaguswa. Bado tunapanda jamii moja ya umri mmoja, mstari kwa mstari, milima na mabonde, mara nyingi kwa mbegu au vipandikizi vya mama wachache, kisha tunaliacha shamba mpaka siku ya msumeno. Naamini hapo ndipo hasara inapotengenezwa. Mdudu huja na kuondoka kwa sababu zake, ila ukubwa wa madhara anayoacha huamuliwa na kitalu, nafasi ya kupanda, upogoleaji na upunguzaji wa miti.

Kwanza ieleweke kwa nini miti hii ilistawi hivyo. Patula ilitoka Meksiko, lusitanika ilitoka Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati, mikaratusi ilitoka Australia. Ilikuja kama mbegu, na wadudu wanaoila kwao wakabaki kwao. Kwa miongo kadhaa ikakua bila kuliwa, nasi tukauhesabu ukuaji huo kuwa tabia ya mti wenyewe. Mdudu anapofika baadaye, ndani ya mche, kipandikizi au mzigo wa mbao, huja bila maadui zake: bila nyigu wanaotaga ndani yake, bila kunguni wanaomla, bila ukungu wa kwao. Hukuta chakula cha aina moja kisicho na mwisho. Ndiyo maana mdudu asiyesumbua mtu nchini kwake huua miti huku.

Kidukari wa saipresi ndiye mfano ulio wazi zaidi. Alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 alikuwa amepita Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda hadi Kenya. Njiani hakubagua mashamba ya serikali na nyua za nyumba, na huko Malawi alishambulia hata mwerezi wa Mulanje, mti wa asili usiopatikana kiasili kwingine kokote. Kasi hiyo haishangazi ukijua anavyozaliana. Jike huzaa majike hai bila kuhitaji dume, na msimu ukimpendelea kizazi kimoja huchukua siku kama 25. Mwenye mabawa mmoja akitua kwenye mti, anatosha kuanzisha kundi zima.

Dalili zake zinapotosha. Mwenye shamba huona matawi yamegeuka kahawia akadhani ni ukame, kwa sababu mashambulizi huwa makali kiangazi, na mvua kubwa huwaangusha vidukari wengi. Shika tawi bichi, lifunue, tazama upande wa ndani karibu na shina, pale gome changa linapoanza kukomaa. Vidukari hukaa hapo wakiwa wamejipanga, wa rangi ya kahawia kama gome lenyewe, na ni rahisi kuwapita usipowatafuta. Gusa majani ya chini: yakinata, huo ni utomvu wa sukari wanaotoa, na baada ya muda juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi wanaopanda na kushuka shinani kwa wingi ni dalili nyingine. Ukahawia huanzia ndani ya mti, karibu na shina, na kutoka nje, tofauti na ukame ambao kwa kawaida huanza kwenye ncha. Mate ya kidukari huyu ni sumu kwa tishu zinazopitisha chakula chini ya gome, kwa hiyo tawi hufa hata baada ya yeye kuhama.

Kilichofanyika kumdhibiti kinafaa kukumbukwa, maana kinatufundisha kuhusu udhibiti wa kibayolojia kuliko nadharia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum, aliyetolewa Ulaya, aliachiliwa Malawi, Kenya na Uganda. Jike lake hutaga yai moja ndani ya kidukari. Buu hula kidukari kutoka ndani, na kidukari huvimba, hukauka na kubaki ganda gumu lililoganda kwenye tawi. Ukiona maganda ya namna hiyo yenye tundu la mviringo mgongoni, nyigu wamekwisha toka na kazi inaendelea. Anayepiga dawa wakati huo anaua msaidizi wake. Jambo la pili ni jina. Kwa miaka kadhaa kidukari huyu aliitwa Cinara cupressi. Mwaka 1999 wataalamu walimtenga kuwa spishi nyingine, Cinara cupressivora. Anayedhani hayo ni mambo ya makabati ya makumbusho akumbuke kwamba adui wa mdudu hutafutwa katika nchi ya asili ya mdudu huyo, na ukikosea spishi unaweza kutafuta bara lisilo lake.

Njia hii si ngeni kwetu. Fukusi wa mkaratusi, Gonipterus, aligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1916 akiwa anakata vilele vya miti. Mwaka 1926 wakaleta kutoka Australia kinyigu Anaphes nitens anayetaga ndani ya mayai ya fukusi, na shambulio likapungua sana. Kenya ilifuata njia hiyohiyo miaka ya 1940. Ila vinyigu hawa wanahitaji nekta na kivuli ili waishi muda wa kutosha kutaga. Katika shamba lisilo na ua wala kichaka hata kimoja, wanaachiliwa jangwani. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji ziachwe bila shughuli za kuviharibu. Wapandaji wengi huiona kama ardhi waliyonyang'anywa. Ukanda huo wa miti ya asili ndimo maadui wa wadudu wanapojificha msimu mbaya, na kwa sababu hiyo pekee ungestahili kuachwa hata kama sheria isingekuwapo.

Nyigu wa vinundu vya mkaratusi, Leptocybe invasa, anatuhamisha kutoka porini hadi kitaluni. Aliibuka ukanda wa Mediterania mwaka 2000, akaonekana magharibi mwa Kenya na Uganda mwaka 2002, Tanzania mwaka 2005. Jina la kisayansi alipewa mwaka 2004, yaani alikuwa anaharibu miche Kenya kabla hajatambuliwa rasmi popote. Jike lina urefu wa milimita 1.2 hivi, la kahawia lenye mng'ao wa kijani na buluu. Hutaga kwenye mshipa mkuu wa jani changa, kikonyo cha jani na vichipukizi laini. Wiki moja au mbili baadaye, alama ndogo za gamba huonekana pale yai lilipoingia. Kisha kinundu huvimba hadi karibu milimita 3, kikiwa kijani, halafu waridi inayong'aa, halafu chekundu kilichofifia, na mwisho hudhurungi yenye matundu ya kutokea. Safari yote huchukua miezi kama minne. Mti mkubwa huweza kuvumilia. Mche wa kitaluni au chipukizi la kisiki hudumaa, majani hujikunja, kilele hujikunyata, na mti unaokua baadaye huwa kama kichaka.

Hapa ndipo utegemezi wa vipandikizi ulipotuponza. Chotara za mkaratusi kati ya jamii za grandis na camaldulensis, zilizoletwa kutoka Afrika Kusini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, huzalishwa kwa vipandikizi, na kila mti mama hupewa namba yake, kwa hiyo miti yote ya namba moja ni mti mmoja ulionakiliwa. Namba ikiwa dhaifu mbele ya nyigu, hekta nzima ni dhaifu siku hiyohiyo. Camaldulensis, tereticornis na baadhi ya chotara zake ndizo zilizoumia zaidi. Grandis halisi imestahimili zaidi. Nchini Tanzania joto la pwani na nyanda za chini limempendelea nyigu huyu kuliko baridi ya nyanda za juu kusini. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye kitalu halipaswi kuishia kwenye bei ya mche. Uliza namba ya kipandikizi, uliza imepandwa wapi karibu na kwako, nenda ukaitazame ikiwa na umri wa mwaka mmoja hadi miwili. Kama unapanda zaidi ya ekari chache, chukua namba tatu au nne na uzipande kwa vipande vya shamba vinavyopishana, usiweke namba moja bonde zima.

Mche ukiwa kwenye kiriba bado unaweza kukaguliwa jani kwa jani. Ukiwa porini na urefu wa mita 12, huwezi. Ndiyo sababu nashikilia kwamba shilingi ya kwanza ya kupambana na wadudu iende kitaluni. Kabla ya kupakia miche, chukua mmoja kati ya kila 20, ugeuze majani ya juu, tazama vikonyo na ncha. Ukikuta vinundu kwenye michache, tenga kundi lote, ukague mche kwa mche, na iliyoathirika ichomwe moto. Kuitupa kwenye rundo la mboji hakusaidii, kwa sababu waliokaribia kukomaa ndani ya vinundu wanaweza kuendelea na kutoka. Kitalu kisikae chini ya miti mikubwa ya mkaratusi, wala kando ya visiki vinavyochipua, maana machipukizi laini ndiyo chumba cha uzazi cha nyigu. Dawa ya kupenya ndani ya mmea inaweza kutumika hapo kitaluni, ikiwa imesajiliwa kwa matumizi hayo na kipimo cha lebo kikafuatwa. Tanzania wa kumuuliza ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Kenya usafirishaji wa miche kuvuka mipaka unasimamiwa na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Porini dawa ni hesabu isiyofunga. Bomba la mgongoni halifiki kilele cha mti wa miaka mitano. Hata likifika, matone huishia kwenye majani ya nje wakati vidukari wako ndani. New Zealand waliweza kubaki na radiata kwa kunyunyizia dawa ya shaba kwa ndege dhidi ya Dothistroma tangu miaka ya 1960, tena wakiwa na bahati kwamba radiata hupata ukinzani ikifika miaka 15 hivi. Walikuwa na tasnia iliyoweza kulipia ndege. Sisi wenye ekari mbili Makete au Njombe hatuna, na hata tungekuwa nazo, tungeua nyuki na vinyigu pamoja na mdudu.

Mchwa nao wanastahili maneno, kwa sababu katika maeneo makavu huua miche mingi katika mwaka wa kwanza, hasa ya mkaratusi. Zamani jibu lilikuwa aldrini na dieldrini, sumu zilizokaa ardhini miaka mingi, ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umezipiga marufuku. Wengi bado wanazitamani. Lakini angalia miche inayoliwa: mara nyingi ni ile iliyopandwa mvua zikiwa zinaisha, au iliyokaa kitaluni hadi mizizi ikajizungusha chini ya kiriba. Wapo wanaopanda na kiriba chake, wakidhani kinatunza unyevu. Mizizi hujisokota, mche hudhoofu, na mchwa humvaa kwenye shingo ya shina chini ya ganda la udongo. Kata sentimita moja ya chini ya kiriba kwa wembe, ukate na mizizi iliyojikunja humo, chana kiriba upande, kivue chote, fukia mche hadi usawa wa udongo wa kitaluni. Panda wiki mbili za mwanzo za mvua za uhakika. Hatua hizi hazigharimu kitu na hupunguza vifo kabla hujafikiria dawa.

Upogoleaji ni mlango mwingine. Mdudu wa asili ya hapa, mbawakawa Oemida gahani, alikuwa msituni kabla ya saipresi kuletwa. Buu lake hutoboa mbao ya ndani kwa miaka, na mti kwa nje hubaki kijani. Mwenye shamba hugundua kwenye mashine ya kupasua. Huingilia kwenye vidonda: matawi makavu, mabaki ya matawi yaliyokatwa vibaya, sehemu zilizochunwa gome na nyani, kima, nyati au tembo. Tawi likikatwa likiwa jembamba, kidonda hufunikwa haraka. Likiachwa hadi lifikie unene wa kifundo cha mkono, kidonda hubaki wazi misimu kadhaa. Tumia msumeno wa kupogolea, weka panga nyumbani, kwa sababu panga huchana gome kuelekea chini. Kata karibu na uvimbe wa shingo ya tawi bila kuukata uvimbe wenyewe, usiache kisiki cha tawi. Bakiza angalau nusu ya urefu wa mti ukiwa na majani. Na fanya kiangazi, vidonda vikauke.

Linalonikera kuliko yote ni kupunguza miti, kwa sababu hapa hasara inafanywa na watu wanaoipenda miti yao. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta ina miche 1,111, ekari ina 450 hivi. Mwongozo uliozoeleka Tanzania kwa patula ya mbao ni kupunguza mara ya kwanza kwenye umri wa miaka 10 hivi hadi kubaki miti kama 650 kwa hekta, na mara ya pili karibu na miaka 15 hadi 400. Wakulima wengi hawapunguzi kabisa. Sababu zao zina mantiki: nguzo nyembamba bei yake ni ndogo, vibarua wanataka fedha taslimu, na kukata mti ulioupanda mwenyewe kunauma. Baya zaidi ni wanaopunguza kinyume. Anapohitaji ada ya shule anauza minene, akiacha iliyodumaa, iliyopinda na iliyofunikwa na wenzake. Baada ya mauzo mawili shamba limebaki na miti dhaifu tupu, isiyo na utomvu wa kutosha kujitetea. Wa kuondolewa kwanza ni wenye ncha mbili, waliopinda, waliozidiwa kimo, na wenye dalili za mdudu. Msimamizi wa shamba atie alama ya rangi kabla ya vibarua kuingia, maana kibarua anayelipwa kwa idadi hukata aliye karibu.

Wengine watasema basi turudi kwenye miti ya asili. Nakubaliana nao nusu. Mvule ukipandwa peke yake kwenye uwanja wazi hushambuliwa na mdudu wa vinundu, Phytolyma, hadi mche ukafa ncha baada ya ncha. Mkangazi hutobolewa kilele na kiwavi Hypsipyla, ukatoa matawi mengi badala ya shina moja. Miti yote miwili huishi na wadudu hao msituni kwa sababu imetawanyika na inakua chini ya kivuli cha mingine. Ukiipanga mstari kwa mstari kwenye jua, umeipeleka mahali palepale tulipoifikisha saipresi. Mvule na mkangazi zichanganywe na miti mingine inayotangulia kutoa kivuli, miche michache kwa hekta. Atakayefanya hivyo asitarajie mavuno ya paini.

Mashamba makubwa kama Sao Hill, Mufindi, yana nafasi ambayo mkulima mdogo hana: yanaweza kupishanisha umri na jamii kwa vitalu (vipande vya shamba) vya makumi ya hekta, kutunza kumbukumbu za kila kitalu, na kumpa mtu mmoja kazi ya kutembea na kukagua. Ukaguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Pita kwa mshazari, simama kwenye miti 30 hadi 50 kwa kila kitalu, andika mingapi ina dalili, kwa kiwango gani, na tarehe. Rudia mwanzo na mwisho wa kiangazi. Idadi ikipanda kati ya safari mbili, hapo ndipo pa kumwita mtaalamu wa TAFORI au KEFRI, taasisi za utafiti wa misitu za Tanzania na Kenya, ukiwa na sampuli ndani ya spiriti, badala ya kusubiri kilima kizima kiwe chekundu.

Kwa misindano, mdudu wa kuandaliwa sasa ni nyigu wa mbao Sirex noctilio. Aligunduliwa Cape Town mwaka 1994 na amekuwa akisogea upande wa mashariki mwa Afrika Kusini tangu hapo, huku mashamba ya patula yakiwa yamejipanga kuelekea kaskazini. Jike hutoboa shina na kuingiza mayai, ute wenye sumu na ukungu unaokausha mti ili mabuu wapate chakula. Dalili ni matone ya utomvu yaliyotapakaa shinani, sindano zinazogeuka njano kisha nyekundu kwenye mti mmoja mmoja, na baadaye matundu ya mviringo kamili ya milimita 3 hadi 7. Hupenda miti iliyobanana, yenye kiu, iliyozidiwa na wenzake. Upo mnyoo unaotumika dhidi yake Afrika Kusini, unaowafanya majike kuwa tasa, lakini kazi yake huwa ngumu kwenye shamba lililosongamana. Anayemiliki patula ya miaka 10 isiyopunguzwa aanze na kiangazi hiki, na wanaoruhusu magogo yenye magome na makasha ya mbao yasiyotibiwa kuvuka mipaka kutoka kusini waanze kuyakagua kwenye vituo vya forodha.